Mgeni Kutoka New Bedford

Sogeeni karibu wanangu, hapa hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki kurudia neno. Amosi, funga hilo dirisha. Harufu ya lami ya karakana nimeivuta maisha yangu yote lakini leo inanikaba. Dorkasi, niinulie mto. Wewe Kezia kaa mbele yangu nikuone uso, kwa sababu mengi nitakayosema leo yanakuhusu wewe. Nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kulia, na asiniambie mtu nipumzike. Nitapumzika muda si mrefu, na nitapumzika sana.

Mnajua kwamba meli ya New Bedford imetia nanga hapa Whitehaven tangu jana, na kwamba Gideoni Thrale yumo. Asubuhi ameleta kikaratasi chake, mwandiko mzuri kama kawaida yake, anasema atakuja baada ya chakula cha mchana kunijulia hali na kumkumbatia binti yake mpendwa. Basi muda tulio nao ni huu, kabla hajafika, na mimi nautumia.

Nianze na mali, maana ni maneno machache. Amosi, karakana ya kamba ni yako kama baba yenu Yona alivyotaka, na akiba yote ya katani, na magurudumu, na jina letu mlangoni. Wale wasokotaji wazee usiwatoe kwa sababu mikono yao imepungua kasi. Ujana wao umeishia mle ndani. Dorkasi, lile shamba la mlimani ni lako, na ng'ombe, na vitambaa vyote vya kitani nilivyofuma mimi na vile alivyofuma bibi yenu. Nyumba hii ni ya Kezia. Ndiyo Amosi, umesikia sawasawa, na usinikunjie uso nikiwa nakata roho. Una nyumba yako, una mkeo, una moto wako unaowaka. Huyu hana paa jingine duniani, na lile alilokuwa nalo mtasikia sasa hivi limekwenda wapi.

Halafu kuna Hana Bragg wa ng'ambo ya barabara. Mnajua hatukusalimiana miaka mingi. Nataka kila majira ya baridi apelekewe makaa ya kutosha, na mtu ampelekee kwa mkono wake mwenyewe na kumuuliza habari za kifua chake. Sababu nitaisema, kwa kuwa nayo inatoka kwenye barua.

Barua zimo kwenye sanduku la mwaloni chini ya dirisha. Zisichomwe na zisigawanywe. Ni za Mehetabeli, mama yako Kezia, tangu ile ya kwanza aliyoandika akiwa bado hajafika kwao, meli ikimyumbisha mpaka mistari inapanda na kushuka.

Nilikuwa msichana tu alipoingia nyumbani kwa baba yangu, amelowa mvua, kofia yake ya kijivu imemganda kichwani kama jani la kabichi. Baba yake alikuwa mhubiri wa dhehebu letu la Marafiki, amevuka bahari kuitembelea mikutano yetu ya ibada ya upande huu, akashikwa na homa ya mapafu, na kwa hiyo wakakaa kwetu majira yote ya baridi. Siku ya kwanza tu Mehetabeli alinicheka. "Nyie watu wa hapa," akasema, "mnaongea kama mna viazi vya moto mdomoni." Nikamjibu, "Na nyie kwenu mnaongea na pua, mdomo mnautunzia nini?" Akacheka mpaka mama yangu akaja kutunyamazisha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa chumba cha pili. Tulilala kitanda kimoja baridi yote ile. Nilikuwa na ndugu wa kiume watatu na sikuwahi kuwa na dada, na Mungu aliniletea dada kwenye meli ya mbao na chumvi.

Siku ya kuondoka kwao hatukulia pale gatini, maana wazee wetu waliona machozi ya hadharani ni maonyesho. Tulishikana mikono tu. Akaniambia, "Niandikie, Tabitha, hata kama huna la kusema. Niandikie umekula nini." Basi nikamwandikia nimekula nini. Naye akaniandikia. Tuliandika mistari ya kulala, ukurasa ukijaa tunaugeuza na kuandika juu yake mistari ya kusimama, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali na maneno yalikuwa mengi. Yona aliponioa alikuwa akinitania, "Mke wangu ana mume mwingine Amerika, na yule anapendwa zaidi." Mehetabeli alijua majina ya watoto wangu wawili niliowazika kabla yako Amosi. Alinitumia mbegu za maboga ya kwao, na mishumaa ya mafuta ya nyangumi inayowaka bila moshi, nami nikamtumia kitani. Obedi Slocum alipomchumbia, nilijua kabla ya mama yake.

Lakini nataka mwelewe jambo moja kuhusu barua za baharini, nyie mliozaliwa wakati meli zimeongezeka. Ukimuuliza rafiki yako mtoto wake amepona, unapouliza mtoto keshapona au keshazikwa, nawe hujui. Unaposoma kwamba anacheka, huenda wakati ule analia. Kila barua niliyofungua niliifungua kwa furaha na kwa woga, na jinsi miaka ilivyokwenda woga ulizidi.

Vita vilipokuja, kati ya mfalme wetu na watu wa kwao, wengine waliacha kuandikiana. Sisi hatukuacha. Barua zetu zilizunguka kwa meli za Wareno, zikafika zimechakaa, zimefunguliwa na wakubwa na kufungwa tena. Ndipo Hana Bragg alinisimamisha sokoni, mbele ya watu, kikapu cha samaki mkononi. "Mwanangu wamemuua kule," akasema, "na wewe unawaandikia mapenzi. Waambie basi tunakula nini, waambie meli zetu ziko wapi!" Akanimwagia wale samaki miguuni. Nilimjibu kwamba rafiki yangu hakumuua mtu, na kwamba sisi Marafiki hatupigani vita vya mfalme wala vya rais. Nilisema kweli, ila mbele ya mama aliyefiwa haikumfaa kitu. Alikuwa na haki ya kulia na hakuwa na wa kumlilia ila mimi. Ndiyo maana nasema mumpelekee makaa.

Nipe maji, Dorkasi. Kidogo tu.

Vita viliisha. Miaka michache baadaye Obedi alipotea baharini akiwinda nyangumi, mashua yake ikavutwa na mnyama huyo ikaenda isionekane tena, Kezia akiwa mtoto mdogo. Obedi alikuwa amejenga nyumba nzuri karibu na gati la New Bedford, na kabla ya ile safari aliandika wosia wake mbele ya wazee wa mkutano: nyumba na gati viwe vya Kezia atakapotimiza umri, mama yake akae humo akiwa hai. Na Kezia akifa kabla hajaolewa wala hajaandika wosia wake, vyote virudi kwa mama yake na warithi wa mama yake. Obedi alikuwa mtu mwema, aliandika akimfikiria mkewe. Hakufikiri kuna mume mwingine atakuja kukaa nyuma ya mkewe na kumrithi.

Mtu huyo ni Gideoni. Alikuwa karani wa mizigo, mgane aliyefiwa na mke, ametoka mji mwingine wa kaskazini, mpole, hanywi, hapigi kelele, kwenye mkutano anakaa kimya kuliko wote. Mehetabeli aliniandikia kwa furaha, na mimi nilifurahi pamoja naye, maana mwanamke mwenye mtoto na gati la kuendesha anahitaji mwenzake. "Ana subira, Tabitha," aliandika. "Mimi macho yangu yakichoka jioni, yeye ananisomea barua zako kwa sauti."

Niliposoma hapo nilisimama. Sikujua kwa nini. Nilijiambia ni wivu wa kijinga, kwamba nimezoea kusomwa na mtu mmoja.

Barua iliyofuata ilikuwa fupi. Mistari ya kulala tu. Iliyofuata ilisema mikono yake inakufa ganzi na kalamu inamtoka vidoleni, na Gideoni ndiye anayempikia uji sasa, hataki mtu mwingine aingie jikoni, anavyomjali. Kisha ikaja barua kwa mwandiko wa Gideoni: "Mke wangu ananiomba nikuandikie." Maneno yalikuwa mazuri sana, na hayakuwa ya Mehetabeli. Yule mwanamke alikuwa hawezi kumaliza ukurasa bila kunichokoza, na humu hamkuwa na hata chokochoko moja. Hakuniambia amekula nini.

Nikaandika. Nikamuuliza Gideoni jina la tabibu. Akanijibu kwa shukrani, jina hakulitaja. Nikawaandikia wazee wa mkutano wa kule. Wakajibu kwamba Rafiki Gideoni anamuuguza mkewe kwa upendo unaowapa wote mfano. Bahari hii wanangu, mtu akizama ng'ambo unaona viputo tu, na unaviona vimechelewa.

Ndipo nikamwomba Kapteni Pelegi Tripp, mwenye meli aliyetuletea barua tangu ujana wake, asiiache barua yangu dukani kama desturi bali aipeleke kwa mkono na amwone Mehetabeli kwa macho yake. Aliporudi alikuja kukaa pale jikoni kwangu. Mtu mkubwa yule, kicheko chake kilikuwa kinatikisa sahani, na siku hiyo hakucheka.

"Nilibisha hodi," akasema, "akafungua Gideoni. Akaniambia mama amelala. Nikasema nitangoja, sina haraka, meli bado inapakia. Akatabasamu, akaniletea kiti, akaketi na mimi. Tukakaa. Mama Tabitha, sijaona mtu anayeweza kukaa vile. Mpaka mimi ndiye nikaona aibu nikaondoka."

"Hukumwona basi?"

"Nilimwona nilipofika barabarani. Alikuwa dirishani juu. Aliinua mkono kunipungia, ukashindikana, akauinua kwa ule mwingine."

Nikamuuliza, "Na mtoto?"

"Mtoto alikuwa ngazini. Hakunisalimu. Ananitazama mimi, anamtazama yeye, ananitazama mimi."

Kezia, hayo mengine unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ulikuwepo, lakini hawa wenzako hawajawahi kuyasikia kwa mpangilio. Safari iliyofuata ya Pelegi, Siku ya Kwanza, yaani Jumapili asubuhi, Marafiki wote wakiwa mkutanoni na Gideoni akiwa miongoni mwao kimya na kofia yake kichwani, Mehetabeli alishuka zile ngazi. Mwanamke ambaye wote walikuwa wanaambiwa hawezi kuketi alishuka ngazi, akatoka na viatu vya ndani, amekushika mkono na mkono wenyewe hausikii, akakufikisha gatini kwenye meli ya Pelegi. Pelegi alimsihi apande na yeye. Akamwambia, "Nikipanda mimi atatufuata, sheria iko upande wake, mimi ni mke wake. Akinikuta kitandani atachelewa kuuliza." Akarudi. Pelegi aling'oa nanga kabla mkutano haujaisha, mizigo mingine ikabaki ardhini, na mpaka leo waliomkodi hawajamsamehe.

Ulifika hapa mwembamba, husemi. Ulikuwa hutaki kula uji. Dorkasi ndiye aliyegundua kwamba ukipewa mkate unaukata mwenyewe kutoka mkate mzima unakula, ukipewa kwenye bakuli unaliacha. Tukaacha kukuwekea bakuli.

Barua iliyofuata ilikuwa na lakiri nyeusi. Gideoni alisema mke wake amepumzika kwa amani, na kwamba anajua nina kitu chake. Aliandika hivyo, kitu chake. Nilikaa pale dirishani na ile karatasi mpaka Yona akaja kunichukua, nami nikalia kwa sauti, na sikujali wazee wangesema nini. Nilimlilia kama dada yangu wa tumbo moja. Amosi na Dorkasi, mlifikiri nimepata habari za kifo cha mtu wa mbali.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi Marafiki hatusemi tusilolijua, na mimi sitakutana na Muumba wangu nikiwa nimemshuhudia mtu uongo. Sikuona kitu mkononi mwake. Hakuna tabibu aliyefungua mwili. Ninalojua ni kwamba Pelegi alipita mji ule wa kaskazini alikotoka Gideoni, akaketi na dada wa mke wa kwanza wa huyo Gideoni, naye akamwambia, bila kuulizwa, kwamba marehemu alianza kwa mikono kufa ganzi, na mume wake alikuwa mwema kiasi kwamba hakumruhusu mtu kuingia jikoni. Ninalojua ni hilo. Lipokeeni kama lilivyo, msiliongeze wala msilipunguze.

Miaka yote hii Gideoni amekaa ndani ya nyumba ya Obedi kwa amani, maana mwenye nyumba alikuwa mtoto na alikuwa mbali. Aliniandikia kila mwaka akimtaka, nami nikamjibu kila mwaka kwamba yuko kwangu, ni mzima, na haji. Sikumficha. Lakini Kezia umetimiza umri majira ya kuchipua ya mwaka huu, na tangu hapo barua zake zinakuja kwako si kwangu. Nilikupa zote, sikufungua hata moja, na wewe ulinisomea baadhi. Anakuandikia juu ya mama yako. Alivyokuwa akiimba akidhani hasikiwi. Kwamba ametunza gauni lake na sindano zake. Kwamba ni mzee sasa, mpweke, anataka kukuonyesha kaburi kabla hajafa, na kukukabidhi nyumba yako kwa mkono wake mwenyewe. Njoo nyumbani, anasema.

Na ukalainika. Sikulaumu. Mtu ambaye hana mama atamfuata yeyote anayemjua mama yake. Ulinijia hapa kitandani mwezi uliopita umekasirika, ukaniambia, "Mama Mdogo, unamchukia mtu ambaye hujawahi kumwona. Maisha yangu yote nimeogopa uji kwa sababu yako."

Nikakwambia, "Uliuogopa kabla hujanijua."

Ukakaa ukingoni mwa kitanda. Kisha ukasema, "Nataka kujua. Siwezi kuishi nikiwa nusu ninamwombea na nusu ninamkimbia."

Amosi, wewe ulitaka afungiwe shambani mpaka yule mtu aje na aondoke. Ulitaka tumwambie hayupo. Mwanangu, sisi hatusemi uongo, na hata tungesema, mtu ambaye anaweza kukaa kwenye kiti vile atakaa Whitehaven mpaka uchoke kufunga mlango. Nilifikiri sana nikiwa hapa nimelala. Nikaona hatuwezi kumlinda Kezia kwa mlango. Tunaweza kumlinda kwa jambo moja tu, kifo chake kisimfae mtu yeyote.

Ndiyo maana wiki iliyopita mliona wazee wa mkutano na mwanasheria wamepanda humu ndani, mkadhani wamekuja kunisomea. Kezia ameandika kwamba nyumba ya baba yake na gati lake viwe makao ya wajane wa wavua nyangumi wa New Bedford, chini ya mkutano wa kule, kuanzia siku aliyotia sahihi. Si vyake tena. Akiolewa si vyake, akifa si vya mtu. Karatasi moja iko kwa karani wa mkutano wetu, nyingine imeondoka na Pelegi kwa maji ya alfajiri hii, meli yake ikapishana mdomoni mwa bandari na mashua iliyokuwa ikimshusha Gideoni. Na msidhani nilimlazimisha. Alipotia sahihi alinitazama akasema, "Sitii sahihi kwa kuwa nakuamini. Natia ili nijue. Kama ananipenda, atanipenda na bila nyumba." Lile lilikuwa lake mwenyewe. Mimi nilikuwa nafikiria usalama tu.

Kwa hiyo nawaagiza. Mgeni akifika asipewe kiti kwanza. Asikaribishwe chakula, asipokelewe alicholeta. Aambiwe hilo pale pale mlangoni, kwa maneno yaliyo wazi: nyumba imetolewa, karatasi iko baharini. Kama hajui, bado Kezia yuko hatarini. Akishajua, hana faida naye. Baada ya kuambiwa, kama bado anataka kuketi na kumtazama mtoto wa Mehetabeli na kumhadithia mama yake, basi mimi nilimdhania vibaya miaka yote, mpeni kiti kizuri na mniletee hapa nimwombe radhi.

Mmesikia? Hodi hiyo. Kabla ya wakati wake. Nilijua atawahi.

Amosi, kaa. Nimesema kaa! Na wewe Dorkasi. Nani ataenda... Kezia? Peke yako? Usitetemeke basi. Ukitetemeka pia si kitu. Mlango uache wazi kabisa, barabara iwaone. Nenda mwanangu.

Nyamazeni. Amosi, simama pale juu ya ngazi, usishuke, uwepo tu. Dorkasi nishike mkono. Unasikia? Ni yeye anaongea. Sauti nzuri, ndiyo, Pelegi alisema. Laini hivyo. Sasa anaongea Kezia. Sisikii maneno, masikio yangu... Wewe unasikia? Amemwambia? Amesema karatasi iko baharini?

Mbona kimya.

Amosi, unamwona mikono? Mikono yake iko wapi? Ameshika kofia tu. Haya.

Mlango huo umefungwa. Nani kaufunga? Nani yuko ndani na nani yuko nje, niambieni, mimi sioni!

Ni hatua zake. Ni Kezia. Asante Mungu wangu. Njoo, njoo hapa, uso wako umekuwa mweupe kama kitani. Alisemaje? Sema taratibu. "Tangu lini?" Hilo tu? Umemwambia nyumba imetolewa, akasema tangu lini, ukamwambia, akavaa kofia yake, akageuka akashuka barabarani. Hakuuliza umekula. Hakutaja kaburi. Hakukuangalia usoni. Amevuka bahari nzima kuja kumkumbatia binti yake, na hakukugusa hata mkono.

Lia mwanangu. Sasa lia. Unamlilia mama yako, nami ninamlilia pamoja nawe, kwa mara ya kwanza tunalia jambo moja. Sijui alikufaje, na wewe hujui, lakini umemwona mtu aliyekuwa amekaa kando ya kitanda chake.

Amosi, usimfuate. Nakuona unatafuta koti. Hutamgusa, wala hutamtuma mtu. Lakini yuko mjini, na meli yake haiondoki leo wala kesho, kwa hiyo mlango wa jikoni ufungwe na komeo, maziwa mnunue kwa mtu mnayemjua, na Kezia alale na Dorkasi mpaka mmeona matanga yamepita mnara wa bandari. Muandikieni dada wa yule mke wa kwanza. Waandikieni wazee wa New Bedford, yote mliyoyaona, si zaidi. Huenda akaoa tena. Yuko mwanamke mahali fulani macho yake yanachoka jioni.

Nimechoka, watoto. Miguu siisikii, lakini ni uzee na kifua, msiogope, uji wangu amenipikia Dorkasi.

Sogeza kichwa Kezia, niweke mkono. Mungu akupe siku nyingi zisizo na hofu. Akupe meza yako mwenyewe na watu wa kuketi nao hapo. Amosi, Mungu akutulize hasira yako na akuachie moyo wako. Dorkasi, wewe... wewe akupe usingizi, umekesha sana. Pendaneni. Mkitengana, andikianeni, hata kama hamna la kusema. Msingoje habari kubwa.

Msinijengee jiwe. Mkutano wetu hauweki mawe. Nyasi zinatosha.

Mbona giza, si mchana bado? Haya. Fungueni dirisha sasa. Ile harufu... acheni iingie. Na mtu mmoja akae pale, aangalie barabara. Aangalie kama... kama yule mgeni amerudi.